Kwa Zuberi, kuhusu ufunguo na mkanda

Ndugu yangu Zuberi,

Salamu kutoka Marekani. Sisi wazima, baridi tu inatutesa. Uliniuliza kwenye simu kama ofisi yetu ya sherifu, yaani polisi wa kaunti, nayo inabeba mahabusu kwa karandinga kama lako linalotoka gereza la Keko hadi mahakama ya Kisutu. Zamu ikaniita, sasa nakujibu.

Gari letu lina umbo la Hiace ndefu, ila ndani kuna vizimba vya chuma. Nalipekua kabla hawajapanda, na wakishashuka nalipekua tena. Kila mtu namlinganisha na picha yake na bangili ya mkononi, maana majina hufanana. Anapekuliwa, anavishwa pingu mbele na mnyororo kiunoni, miguu nayo inafungwa. Siku ya safari haambiwi mapema. Nikibeba mwanamke, nasoma maili za gari kwenye redio tukiondoka na tukifika, ili ijulikane hatukupita kwingine.

Tena tunakwenda wawili. Mwaka 2022, Kaunti ya Lauderdale, Alabama, ofisa wa ngazi ya juu wa jela alimtoa peke yake mfungwa aliyekuwa akisubiri kesi ya mauaji, akisema anampeleka kupimwa akili. Miadi hiyo haikuwepo. Walitoroka pamoja Aprili 29, wakapatikana Indiana Mei 9.

Lakini Zuberi, kinachoninyima usingizi si kutoroka. Ni kina mama wawili wa South Carolina. Hawakuwa hata wahalifu, walikuwa wagonjwa wa akili wanaohamishiwa hospitali nyingine. Septemba 18, 2018, baada ya kimbunga Florence, maofisa wawili wa sherifu wa Kaunti ya Horry waliwapitisha kwenye barabara iliyokwishafungwa kwa mafuriko. Maji yakalisukuma gari hadi kwenye vyuma vya ukingo wa barabara, mlango ukabanwa. Maofisa walitoka, wakaokolewa wakiwa juu ya paa. Kina mama wakafa maji ndani ya kizimba. Mwaka 2022 dereva alihukumiwa miaka 18.

Wewe unajua bonde la Jangwani linavyojaa maji masika. Mtu huru akiona maji yanaingia, anavunja kioo. Uliyemfunga mikono na miguu hana la kufanya, anakutazama wewe tu. Ndiyo maana kila asubuhi najaribu ufunguo wa kila kizimba, hata kama jana ulifungua vizuri. Kisha nawafunga mikanda mmoja mmoja. Aliyefungwa pingu hawezi kujishika gari likifunga breki ghafla. Wenzangu wengine huona nachelewesha msafara. Wacha waone hivyo.

Juzi mzee mmoja aliniuliza, "Kwani mimi nina thamani gani mpaka unihangaikie?" Nikavuta mkanda ukakaza, nikamjibu kwamba nyumbani kwake kuna wanaomsubiri. Alinyamaza mpaka mahakamani.

Sasa niambie kweli: karandinga lako lina mlango wa dharura? Na ufunguo wa nyuma anashika nani, wewe au aliyekaa na mahabusu?

Msalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Hamisi