Shoga, laki tatu yako imeingia kwenye vitunguu

Shoga yangu,

Habari za Tanga? Mama hajambo, na ule mguu umepoa? Sisi huku Sinza wazima, joto tu ndo linataka kutumaliza. Najua umeona kimya na najua unajua kwa nini nimekaa kimya, mtu anayedaiwa simu yake haishi kuwa na matatizo eti. Sasa nimeona nikuandikie kwa kirefu maana nikituma voisi noti nitaongea dakika ishirini na wewe utaruka katikati kama kawaida yako.

Laki tatu uliyonikopesha ipo. Mfukoni haipo ila ipo hahaha. Nyingi imeingia kwenye friza la mtumba nikaongezea na ya kwangu, iliyobaki nikanunua mizani ya jikoni, visu, mbuzi mbili (za kukunia nazi, usije ukamwambia mama nafuga) na vile vibakuli vya tekawei vya plastiki. Na gunia la vitunguu, ambalo nilinunua siku bei imepanda kwa sababu nilikuwa na kiherehere.

Unakumbuka zile video nilizokuwa nakutumia, za Wazungu wanaletewa boksi mlangoni, nyama imepimwa, karoti mbili, mafuta kijiko kwenye kikopo, na karatasi yenye picha inayokuelekeza upike vipi? Hiyo ndo ilinitia wazimu. Nikasoma mpaka historia yao, HelloFresh walianzia Berlin 2011, Blue Apron wakaanza New York 2012, nikajiona na mimi naanza Sinza. Nikatengeneza karatasi yangu ya pilau, nzuri kweli, rangi rangi, nikaprinti kopi 50 stationari. Kapu la kwanza la vitu vya pilau likaenda kwa mama mmoja Kijitonyama. Haijafika nusu saa simu inaita. "Mwanangu, hii karatasi ya nini? Unanifundisha kupika pilau mimi?" Yani shoga nilitamani ardhi inimeze. Mtu kazaliwa Bagamoyo, kapikia maulidi masufuria yale ya kupandia stuli, mi namwandikia "kaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia".

Ila kabla hajakata akasema kitu. Akasema hicho kitunguu saumu na tangawizi umekisaga vizuri, na nyama umeikata kama nakata mwenyewe, hivyo uniletee kila wiki, karatasi baki nayo.

Hapo ndo akili ikanikaa sawa. Wale wa kwenye video wanauziwa kupika, hawajui leo wapike nini na wataanzaje. Huku kwetu kupika tunajua, tulichochoka ni kumenya. Mtu anatoka Posta saa kumi na moja, anakaa kwenye foleni mpaka Mwenge, anafika nyumbani saa mbili kasoro, watoto wana njaa, dada wa kazi kaondoka bila kuaga, sasa huyo umwambie aanze kutwanga kisamvu? Anakaanga mayai. Kesho mayai. Keshokutwa chipsi mayai. Kwa hiyo mi nauza kumenya, kuchambua, kukuna, kutwanga. Karatasi zile 49 tunafungia karanga.

Kinachotoka kuliko vyote sasa hivi ni kisamvu. Nilidhani pilau itaongoza, wapi. Natwanga na kitunguu saumu, nakichemsha kabisa huku kwangu mpaka kiive vizuri maana unajua kisamvu kibichi kina sumu yake, sitaki mtu akiwahishe jikoni halafu matumbo yaje kwangu. Mteja anapata kisamvu kimeshachemshwa, karanga zimesagwa, kitunguu kimekatwa, na tui. Dakika ishirini kinaliwa.

Sasa hilo tui. Shoga tui limenitoa machozi. Mwanzoni nilikuwa napeleka nazi kukunwa kwenye mashine sokoni, inakuna haraka sana ila inakuna mpaka lile ganda la kahawia, tui linatoka la kijivu kama maji ya kuoshea mchele. Nikarudi kwenye mbuzi. Siku za oda naamka saa kumi alfajiri, nakaa sebuleni na kanga nimefunga, nakuna nazi kumi na mbili, kumi na tano, goti la kulia limeshaota sugu. Tui la kwanza naliweka peke yake, la pili peke yake. Na halitaki mchezo, joto hili likikaa nje tangu asubuhi mpaka mchana limechacha. Wiki ya kwanza nikalifunga kwenye vile vimifuko vya barafu, nikiwa najua kabisa mifuko ya plastiki imekatazwa toka Juni 2019 ila nikasema hivi vidogo nani ataviona. Mungu aliviona. Bodaboda alipita kwenye tuta pale karibu na Shekilango, kimoja kikapasuka, tui likashuka kwenye oda ya mtu mwingine ya makange, likaingia kwenye nyama, likaingia kwenye suruali ya dereva, kijana wa watu akanirudia ananukia wali wa nazi. Nililipa nyama nililipa na dobi. Toka hapo natumia vichupa vyenye kizibo, nagandisha usiku, vinakuwa ndo barafu yenyewe ya kupoozea nyama njiani. Likiyeyuka linajitenga lakini ukitikisa linarudi. Hiyo niligundua mwenyewe wala hakuna aliyenifundisha, acha nijisifu kidogo.

Kuna lingine usicheke. Niliweka status "PILAU LA WATU 4, 17,000, TUNALETA MPAKA MLANGONI", dada mmoja wa Mikocheni akaagiza, ana wageni wamekaa mezani. Anafungua mfuko anakuta mchele mbichi. Maneno aliyoniambia siwezi kuandika, mama anaweza kusoma hii barua. Sasa hivi kila tangazo linaanza na HAIJAPIKWA kwa herufi kubwa. Na nimeacha kusema pilau nasema kapu la pilau. Wengine wanaita "msosi wa kujimalizia", nimelipenda sana hilo nafikiria kulifanya jina.

Mahesabu nikupe maana we ndo mwenye hela. Kapu la pilau: mchele kilo 3,000, nyama nusu kilo 6,000, vitunguu na viazi na nyanya 1,500, viungo na saumu kama 800, vibakuli na mfuko 1,200. Hapo 12,500. Nikauza 17,000 nikaona nimeula, 4,500 kila kapu! Halafu boda anachukua 3,000 kwa safari. Nikabaki na 1,500 na goti lenye sugu. Mwezi mzima nilikuwa nafanyia kazi bodaboda. Nikakaa nikaona ujinga ni kupeleka kila mtu muda anaotaka yeye, kwa hiyo sasa napeleka Jumanne na Ijumaa tu, oda inafungwa jana yake saa kumi na mbili jioni, boda mmoja anachukua nyumba sita za njia moja kwa 9,000, Kijitonyama, Mwenge, anamalizia Mikocheni. Ndo ikawa 1,500 kwa kila nyumba na mi nabaki na 3,000. Wawili watatu walinuna wakaondoka, mmoja karudi.

Mdogo wangu ananiambia weka ofa, punguza nusu bei mwezi mzima watu wakuzoee. Nikamwambia kaa. Hao hao Blue Apron waliingia soko la hisa 2017 wakithaminiwa karibu dola bilioni 2, wakaja kuuzwa 2023 kwa kama dola milioni 103, na moja ya vitu vilivyowatesa ni wateja wanaokuja kwa ofa, ofa ikiisha na wao wameisha. Wao walikuwa na mabilioni ya kuchezea, mi nina laki tatu yako.

Mama wa genge hapo kona nilimwogopa mwanzoni, nikajua ataniona nampora wateja. Kumbe ndo kaniokoa. Sasa yeye ananichukulia nyanya na hoho akienda soko la Mabibo alfajiri, namlipia na nauli ya mzigo, na binti yake anakuja kunisaidia kumenya Jumatatu na Alhamisi. Anapenda kunikagua lakini, anafunua friza bila kuomba.

Makaratasi nimeanza, TIN, ile namba ya mlipakodi, ninayo, kupima afya nimepima mimi na binti, leseni nafuatilia, kila nikienda kuna karatasi moja nimesahau. Samaki sijagusa. Soko la samaki Feri unatakiwa ufike giza, na siku umeme umekatika usiku kucha niliwahi kukesha na mabarafu kwenye beseni kwa ajili ya nyama tu, samaki angenizika.

Kwa wiki yanatoka makapu kama 25, 26. Sio mengi ila wapo wasiokosa. Kwa hiyo deni lako: elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, miezi sita, kuanzia mwezi huu, na ule wa mwisho nakuletea na kisamvu. Ukiona siku imepita sijatuma nipigie, nitapokea, naapa.

Sasa ombi. Iliki za dukani huku ni makopa matupu, zimepauka, ukipasua ndani vumbi. Naomba unitafutie zile zinazoshuka kutoka Amani, nusu kilo, za kijani, uzipasue moja moja uone punje nyeusi kabla hujalipa. Na mdalasini wa magome kilo moja, usiwe uliosagwa. Ziweke kwenye basi la asubuhi, nitazipokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, nitumie tu namba ya konda na ya gari. Hela ya hiyo nakutumia leo hii, tusichanganye na lile deni.

Msalimie mama, mwambie mguu aukande na maji ya moto.

Wako,
shoga wa Sinza

Nilisahau, usifungie iliki pamoja na dagaa kama mara ile.