Medusa yupi anayesimuliwa upya?

Ndugu Mhariri,

Riwaya za Kiingereza zinazosimulia upya visasili vya Kigiriki zimeshamiri, na wahakiki wetu wanaziandikia kwa ari. Naomba nafasi nisahihishe jambo linalorudiwa kila anapotajwa Medusa, yule mwanamke wa visasili mwenye nyoka kichwani: eti katika kisa cha asili alikuwa kuhani wa mungu wa kike Athena, akabakwa na Poseidon, mungu wa bahari, hekaluni, kisha Athena akamwadhibu kwa kuzigeuza nywele zake nyoka.

Adhabu hiyo tunaipata kwa Ovid, mshairi wa Roma aliyeandika kwa Kilatini yapata mwaka 8 BK. Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyemtangulia kwa takriban miaka 700, anataja mabinti watatu, Stheno, Euryale na Medusa, na kati yao Medusa peke yake ndiye wa kufa. Poseidon alilala naye kwenye uwanda wa nyasi laini na maua. Hekalu halimo, wala adhabu. Shujaa Perseus alipomkata kichwa, wakachomoka Chrysaor na farasi Pegasus. Ndivyo alivyochongwa kwenye hekalu la Artemis kisiwani Corfu, yapata 580 KK: ulimi nje, watoto hao wawili ubavuni. Uzuri wake nao Ovid hakuuzua, maana Pindar, mshairi mwingine wa Kigiriki, alikwisha kumwita mwenye mashavu mazuri mwaka 490 KK.

Ukuhani haumo hata kwa Ovid. Yeye asema binti alikuwa mzuri mno, wachumba wakimgombea, na nywele zikipita vyote kwa uzuri. Tena msimulizi ni Perseus mwenyewe, akiwa karamuni, baada ya kumwua! Habari zote za aliyeuawa tunazipata kinywani mwa muuaji. Mwandishi wa leo anayempa Medusa nafasi ya kujisemea ameliona pengo la kweli, na anastahili kusifiwa kwa hilo, bila kusingiziwa kwamba amerudi kwenye chanzo.

Tatizo huzuka mwandishi anapochanganya. Ikiwa nyoka ni adhabu ya Medusa, dada zake wamekosa nini? Ovid alijihadhari: kwake, mgeni karamuni anauliza kwa nini Medusa peke yake, kati ya ndugu zake, ana nyoka kichwani. Anayechukua adhabu ya Ovid na kuwapa nyoka dada wote watatu hana budi kueleza wao waliwapataje, la sivyo msomaji makini atakwama hapo hapo.

Kwa wafasiri, Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenganisha visa hivi. Kitenzi cha Hesiod ni "kulala na". Cha Ovid ni "kunajisi", na neno letu hilo linabeba ubakaji na uchafuzi wa mahali patakatifu kwa pamoja. Kuandika "alibakwa" kwa Hesiod ni kumwekea maneno mdomoni; kuandika "alilala naye" kwa Ovid ni kuficha jinai.

Habari za Medusa na Poseidon, kwa Hesiod na kwa Ovid, hazifiki mistari 20 kila moja. Mhakiki azisome zote mbili kabla ya kuandika neno "asili".

Wako,
Msomaji