Nilimrudishia Bibi mayai yake mbele ya kanisa, sasa sijui nishuke vipi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mwanamume wa miaka 52. Nina duka la vifaa vya ujenzi pale Mbuyuni, Moshi mjini, na nyumbani ni Machame. Jumapili nyingi napanda kusali nyumbani, na huu ni mwaka wa saba nikiwa mzee wa kanisa. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnicheke.

Nyie mnaosali KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku kwetu mnajua kwamba ibada haiishii kwenye baraka. Tukishatoka nje kuna mnada. Asiye na fedha mkononi ameleta alichonacho: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, parachichi, chupa ya maziwa. Vinanadiwa pale uwanjani na fedha inaingia kwenye sadaka. Mnada naupenda, tena kupita kiasi. Mnadishaji ananijua, bei ikilala ananitazama mimi, nami simwangushi.

Jumapili moja ya Kwaresima, Bibi mmoja mjane, jirani yetu, alileta mayai sita. Aliyaweka kwenye kibakuli cha plastiki cha kijani, chini ametandika majani makavu ya mgomba yasigongane. Bei ilianzia shilingi 2,000, ikapanda hadi 5,000, ikakwama. Nikapaza sauti: "Themanini elfu!" Akina mama wakapiga vigelegele. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mayai yakaletwa kwangu. Ningenyamaza hapo ingekuwa heri. Nikakinyanyua kibakuli kila mtu akione, nikasema, "Sasa mrudishieni Bibi yetu akale na wajukuu." Makofi yakazidi. Nilijiona nimeongezeka kimo.

Bibi alipokea kwa mikono miwili. Hakutabasamu. Watu walipotawanyika alinifuata penye gari, kibakuli bado anacho, akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba, haya nilikuwa nimempa Mungu. Mbona wewe umenirudishia?" Akageuka, akashuka taratibu na njia ya migombani. Sikupata neno la kumjibu.

Bibi huyu ana kuku wawili tu wanaotaga. Mayai yale aliyakusanya siku kadhaa, hakumpikia mjukuu hata moja. Asubuhi alipanda kanisani akiwa mtoaji kama mimi, mchana akateremka akiwa mtu aliyesaidiwa, na wa kumgeuza hivyo ni mimi, tena kwa shangwe. Usiku ule sikulala.

Ugonjwa huu ni wa ukoo, sijifichi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na kwetu mtoto anakua akiambiwa sisi tulibatizwa mapema kuliko wengine, kana kwamba ubatizo ni foleni ya benki. Benchi la pili upande wa kulia hakuna mgeni anayelikalia. Hakuna aliyelikataza, ila watu wanajua tu.

Basi nikaamua kujinyenyekeza. Nikalihama benchi, nikaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Jumapili ya kwanza nilisali vizuri. Ya pili nikajikuta naangalia nani ameniona. Ya tatu, mhubiri akatoa mfano wa "wakubwa wetu wanaokubali kukaa nyuma," shingo zote zikageuka, na mimi nikainamisha kichwa kwa namna ambayo, Mungu anisamehe, nilijua inapendeza. Mke wangu alinimaliza njiani: "Wewe rudi tu mbele. Huko nyuma unatuzibia mlango."

Kwenye mnada nikawa kimya. Huo nao ukawa ushahidi kwamba mzee amebadilika, na sadaka ikapungua.

Kisha nikaenda kwa Bibi mwenyewe. Nilibeba sukari kilo tano, mchele na mche wa sabuni. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaombea vile vitu, akanishukuru. Tukaongea habari za mvua. La mayai halikutajwa, maana kila nilipotaka kulianza, jicho langu liliangukia ile sukari. Nilipofika barabarani ndipo nilipoelewa: nimerudia kosa lilelile, safari hii bila mashahidi.

Kaka yangu mkubwa anasema nisihangaike, nichukue isale niende. Kwa wasio Wachagga, isale ndio ule mmea tunaozungushia vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, kuwa mpaka; mwenye kosa akikuletea jani lake kuomba radhi, hukatai. Wapo wapendwa watakaosema hayo ni ya mila. Mimi jani halinisumbui. Kinachonisumbua ni hilo la kutokukataliwa. Nimezoea bei ikitajwa na mimi inaisha. Nikimpelekea Bibi isale, si nitakuwa nimenunua tena, sasa nanunua msamaha, naye hana nafasi ya kusema bado inamuuma?

Mchungaji wetu nimemkwepa. Najua ataniambia nilikosa hadharani, niombe radhi hadharani, na kwa haki yuko sawa. Ila najijua. Mkinipa kipaza sauti nitalia, nikilia watu watalia, na kabla ya chakula cha mchana nitakuwa nimesifiwa kwa toba yangu. Bibi atakuwa amesimamishwa mbele ya watu mara ya pili, ili mimi nipendeze.

Sasa limekuja hili. Desemba, ndugu wa Dar na wa kwingineko wakishapanda kwa Krismasi, kutakuwa na harambee ya kupaua kanisa jipya. Kamati ya ujenzi inataka niwe mwenyekiti wa harambee, na wanajua mabati yapo dukani kwangu. Nikikubali, narudi kulekule kwenye "Themanini elfu!" Nikikataa, watasema tazama mtu mnyenyekevu, nami nitasikia raha. Na nikiwa nawaza hayo, linanijia lile neno la Mathayo 5, kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane naye kwanza. Halisemi uende na sukari.

Wafilipi 2:3 inataka kila mtu amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake. Nimewahi kuufundisha mstari huo kwenye jumuiya. Ninapojaribu kumhesabu Bibi kuwa bora kuliko mimi, naona namhurumia tu, na kumhurumia mtu si kumhesabu kuwa bora. Hapo ndipo nilipokwama hasa, mengine yote ni matawi.

Jumapili iliyopita Bibi alileta tena mayai. Safari hii manne, kibakuli kilekile cha kijani. Mnadishaji akanitazama, mimi nikaangalia viatu vyangu. Yakachukuliwa kwa shilingi 3,000 na kijana mmoja wa kwaya, akayatia mfukoni mwa koti akaondoka zake. Bibi alikuwa anacheka.

Mnishauri, hasa akina mama na bibi zetu mnaosoma hapa, maana nyie mnajua mtu kama mimi anavyoonekana akiwa amesimama mlangoni kwenu. Niende kwake mikono mitupu? Na nikifika, neno la kwanza liwe lipi? Kamati inataka jibu Jumapili ijayo.

Mzee wa kanisa,
Moshi