Msiilaumu darubini kabla ya kuangalia ilipowekwa

Mhariri,

Picha nyingi za sayari ya Mshtarii (Jupita) zinazopigwa Mwanza zinatoka duara jeupe tupu lisilo na mikanda yake ya mawingu, na lawama yote huangukia darubini. Mtu huambiwa anunue kubwa zaidi. Kioo chenye kipenyo cha milimita 150 kinatosha kabisa kwa mikanda ya Mshtarii na pete za Zohali. Tena sisi tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, sayari hutupitia juu. Mwaka 2020 watu wa London waliiona Mshtarii ikitambaa karibu na upeo, huku kwetu imepanda nyuzi 70.

Kinachoharibu ni joto. Miamba yetu na sakafu za saruji hunywa jua mchana kutwa, kisha hulitema usiku. Ukisimika darubini juu ya jabali kwa kuwa mandhari ya ziwa yanapendeza, sayari itachezacheza kama kokoto chini ya maji yanayotiririka. Tafuta nyasi, na usilenge juu ya paa la jirani. Kioo chenyewe kitolewe nje saa nzima kabla ya kazi.

Halafu vioo vinyooke. Darubini iliyotoka Igoma hadi Luchelele kwa bodaboda haifiki ikiwa sawa. Lenga nyota ang'avu, legeza fokasi mpaka nyota igeuke duru. Duru zikiegemea upande mmoja, zungusha skrubu za kioo kidogo kidogo, irudishe nyota katikati, uangalie tena.

Usipige picha moja. Hewa hutulia kwa vipande vya sekunde, kwa hiyo rekodi video kwa simu. Dakika 2 kwa fremu 60 kila sekunde ni fremu 7,200. Programu ya bure ya AutoStakkert huzipanga kwa ubora, nawe unganisha asilimia 20 za juu. Usizidi dakika 3, maana Mshtarii hujizungusha kwa saa 9 na dakika 55 na alama zake zitaanza kuchanganyika. Simu ikae kwenye kishikio, fokasi na mwanga vifungwe. Anza na muda wa mwanga wa 1/60 ya sekunde, punguza mpaka mikanda ijitokeze. Zohali ni hafifu zaidi, iongezee muda huo kama mara 3. Na jamani, video isihamishwe kwa WhatsApp! Inabanwa, na kile ulichokesha ukikitafuta kinafutika. Tumieni waya.

Wanaotaka stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake huelekezwa sambamba na mhimili wa dunia, wajue kwamba hapa mhimili wake hulala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi hazishuki hadi nyuzi 2.5, na zinazoshuka, uzito wa kusawazisha hugonga mguu. Ile ya Dobson, ya kisanduku kinachokaa chini, ni nafuu na haina shida hiyo, ila sayari ikifika utosini huwa ngumu kugeuza. Ipige ikiwa kati ya nyuzi 60 na 75.

Mpenzi wa anga,
Ilemela, Mwanza