Risala ya Akina Mama wa Kikoba, Ngamiani, Tanga, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuvunja Kikoba

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Viongozi wetu wa dini na wa mtaa,
Wageni waalikwa na wanakikundi wenzangu,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Karibu Ngamiani, na ahsante kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili. Sisi ni wakaanga samaki, wauza vitumbua, mafundi cherehani na wastaafu wawili. Kila Jumamosi tunanunua hisa na kukopeshana, na leo kila mmoja anaondoka na chake. Hayo yanakwenda vizuri, hatutakuchosha nayo.

Sanduku la bati lililo mbele yako lina kufuli 3. Kila ufunguo unakaa kwa mama tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne. Hata mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatua kama mia moja kutoka hapa kuna sanduku jingine. Liko kwenye baraza ya duka la vyakula, limefungwa mnyororo kwenye nondo za dirisha, linawaka taa usiku na mchana. Ni mashine ya kamari; watoto wanaliita dubwi. Linameza sarafu za shilingi 200. Ufunguo wake ni mmoja tu, anao kijana anayekuja kwa bodaboda mara moja kwa wiki, anamwaga sarafu kwenye mfuko wa salfeti, anamhesabia mwenye duka fungu lake, anaondoka. Jina lake hatulijui.

Ramadhani iliyopita mwenzetu mmoja alimtuma mwanawe wa darasa la tano nazi mbili na unga wa ngano. Magharibi ikakaribia, mtoto haonekani. Alimkuta pale barazani, kasimama juu ya kreti ya soda ili avifikie vitufe, kiganjani imebaki sarafu moja. Mama hakumpiga. Alimshika mkono wakarudi nyumbani, na jioni ile walifuturu maji na tende za jirani.

Tukaanza kuuliza. Tulichoelewa ni kwamba Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Namba 4 ya mwaka 2003, ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Leseni za kasino, za kubashiri mpira na za mashine hizi hutolewa na Bodi hiyo. Kodi yake hukusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Anayeendesha bila leseni anavunja sheria, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kabisa. Halmashauri, kwa upande wake, hutoa leseni ya biashara ya duka na ya vileo kwa baa, si ya kamari.

Hapo ndipo tulipopotelea. Ofisi ya kwanza ilituambia leseni hizo si zao, twende Bodi. Ya pili ikatuonyesha kuwa duka lina leseni halali, na kweli ilikuwa halali, ya kuuza unga na sukari. Ya tatu ikataka namba ya mashine. Tulikwenda kuitafuta mbele na nyuma, tukakuta stika iliyobabuka kwa jua, haisomeki hata herufi moja. Mpaka leo hakuna aliyekuja kulitazama.

Hatukusimama hapa kupinga mpira. Mtoto wa Ngamiani huijua Coastal Union na African Sports kabla ya kujua kuzidisha. Mtu mzima akiweka mkeka wa kubashiri kwa pesa yake, ukachanika, hilo ni lake, ingawa sisi wake zao tuna la kusema siku nyingine. Leo tunamsemea mtoto. Wala mwenye duka si adui yetu: ndiye anayetukopesha sukari, na alitueleza kwamba fungu lake la sarafu zile ndilo linalomnunulia luku. Tumekubaliana naye kwamba akiliondoa dubwi, unga na mafuta ya kikundi tutachukua kwake mwaka mzima.

Ombi letu kwako ni hili. Kabla mashine haijafika kwenye baraza ya mtu, serikali ya mtaa ipewe taarifa na wakazi wasikilizwe, hata kama uamuzi utabaki kwa Bodi. Leseni ibandikwe panaposomeka, ikiwa na jina la mwenye mashine na simu yake. Na maofisa wa biashara wa Jiji wapite mitaani pamoja na watu wa Bodi, siku moja, ili tusirushwe tena ofisi hadi ofisi. Isiyo na leseni iondolewe, na yenye leseni isikae mahali mtoto anapotumwa nazi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, funguo 3 zitakapomaliza kulifungua sanduku letu, tunakuomba utembee nasi hizo hatua mia moja, ukalione lile jingine kwa macho yako.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi