Mita Si Yangu, Nitachaguaje Muuzaji wa Stima?

Mhariri,

Kila tokeni zinapopanda bei, dawa inayotajwa ni ile ile: waleteni wauzaji wengine, washindane, na stima itashuka kama simu zilivyoshuka. Hapa kwenye karakana yangu, Kariobangi Light Industries, nimeisikia hoja hiyo kwa wateja waliokuja kuchukua mageti, nimeisikia kwa jirani yangu anayeunda masufuria, na mimi mwenyewe nimewahi kuisema nikiwa nimekaa kando ya mashine ya kuchomelea iliyozimika. Siipingi. Ila naona tumeishika mkiani.

Kisheria mlango ulishafunguliwa. Sheria ya Kawi ya 2019 ilitenganisha kazi ya kuzalisha, kusafirisha, kusambaza na kuuza stima kwa rejareja, kila moja na leseni yake. Tangu hapo zimekuwapo rasimu za kanuni za kuwaruhusu wauzaji wengine kupitisha umeme wao kwenye nyaya zilizopo. Wanaolipigia debe jambo hili huongea kana kwamba siku moja nitatoa simu mfukoni nichague kampuni ya stima vile ninavyochagua bando.

Mfano huo wa simu unatupoteza. Ukihama laini unabadilisha na mnara, na mtandao ukikusumbua unarudi ulikotoka. (Tena tuliruhusiwa kuhama na namba zetu Aprili 2011. Hebu wahesabu unaowajua waliohama.) Stima haiendi hivyo. Nguzo iliyo nje ya karakana yangu ni moja na transfoma ni moja. Muuzaji yeyote nitakayemchagua atapitia hapo hapo, na transfoma ikilipuka tutakaa giza sote, wateja wake na wateja wa mwenzake.

Nina mdogo wangu anayeishi Houston, Texas, na ndiye aliyenifungua macho. Kwao sheria ilipitishwa 1999 na soko la rejareja likafunguliwa Januari 2002. Orodha ya wauzaji ni ndefu. Kuna anayekupa umeme wa usiku bure halafu mchana anakukamua. Kuna anayekupunguzia bili ukifikisha uniti 1,000; ukiishia 990, punguzo limekwenda na bili inakuwa kubwa kuliko ya aliyetumia zaidi yako. Mkataba ukiisha nawe umesahau, unawekwa kwenye bei ya mwezi kwa mwezi, ambayo mara nyingi huwa juu. Mdogo wangu hukaa na kalamu na karatasi kabla ya kila mkataba kuisha, na hakatai kwamba huokoa pesa. Ila huyo ni mtu aliyesomea hesabu, ana muda, ana intaneti nyumbani, na mita imeandikwa jina lake.

Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita Houston, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme. Nilimpigia mdogo wangu nikamtania: si uhamie kampuni nyingine? Akacheka kicheko cha mtu aliyemwaga nyama yote ya friza. Mwenye nyaya huko ni mmoja, ada yake ni ile ile kwa kila muuzaji, na nguzo iliyolala barabarani haijui umejiandikisha kwa nani.

Na hiyo ilikuwa nafuu kuliko ya Februari 2021, theluji ilipoangusha mitambo ya jimbo hilo. Bei ya jumla, ile ambayo wauzaji hununulia kwa wazalishaji, iliachwa ipae hadi dola 9,000 kwa megawati-saa moja (uniti 1,000), yaani dola 9 kwa uniti ambayo siku za kawaida huuzwa kwa senti chache. Kampuni moja, Griddy, ilikuwa ikiwauzia watu kwa bei ya jumla moja kwa moja, na miaka ya neema wateja wake walijiona wajanja. Siku chache tu za baridi zikawaletea bili za maelfu ya dola. Kampuni yenyewe ilifilisika mwezi uliofuata.

Uingereza nao walifungua polepole: wateja wakubwa kabisa 1990, wa kati 1994, nyumba za watu 1998 na 1999. Miaka ishirini baadaye serikali ikalazimika kuweka kikomo cha bei kuanzia Januari 2019, kwa kuwa wateja waliotulia na muuzaji wao wa zamani ndio waliokuwa wakitozwa zaidi. Gesi ilipopanda 2021, karibu wauzaji 30 walianguka. Wateja wao hawakuzimiwa taa, walihamishiwa kwa wauzaji wengine, lakini gharama ya kuwahamisha ilisambazwa kwenye bili za nchi nzima.

Sasa turudi kwetu. Chukua risiti ya tokeni uisome hadi chini. Kuna bei ya msingi, kuna gharama ya mafuta, kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kuna tozo ya kupeleka umeme mashambani, kuna VAT ya asilimia 16. Muuzaji wa rejareja atashindania nini hapo? Mafuta hayapangi yeye, wala dola, wala kodi. Sehemu nene ya bei ya msingi imefungwa na mikataba ya miaka mingi na wazalishaji, mingine inayotaka walipwe kwa kuwa tayari tu, umeme uchukuliwe au usichukuliwe. Tunakumbuka mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilivyosimama kwa muda ikisubiri laini ya kusafirisha umeme hadi Suswa iliyokamilika 2018, na fidia ikalipwa kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja.

Hapa ndipo woga wangu ulipo. Soko likifunguliwa, wa kwanza kuhama watakuwa viwanda vikubwa, kwa sababu ndio wenye mita zinazopima kila nusu saa na wanasheria wa kusoma mikataba. Wengine tayari wamejaza paneli za sola kwenye paa zao. Sina kinyongo nao; ningekuwa na paa kama zile ningefanya vivyo hivyo. Lakini mikataba ile haihami nao. Deni linabaki kwenye meza, na waliobaki mezani ni sisi tulioshindwa kuondoka.

Halafu kuna jambo ambalo sijasikia mtaalamu hata mmoja akiligusa. Ninaishi Dandora, kwenye ploti ya vyumba 11. Mita ya kampuni ni moja, ya mwenye ploti. Kila chumba kina mita ndogo, na mwisho wa mwezi mwenye ploti hupita na daftari akitoza bei aliyoipanga mwenyewe. Huyo ndiye muuzaji wangu wa rejareja. Hakuna aliyempa leseni, hana mshindani, na nikilalamika jibu lake ni kwamba vyumba viko vingi Nairobi.

Tena tunapigwa mara mbili. Aprili 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za kawi, ilishusha kikomo cha nafuu ya wanyonge kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Wengi wetu kwenye ploti hatufikishi 30: balbu mbili, redio, kuchaji simu, pasi ya Jumapili. Tungekuwa na mita zetu tungeingia kwenye kiwango cha chini, kilichokuwa shilingi 12 na ushei kwa uniti mwaka huo, kabla ya tozo. Lakini mita kubwa haioni familia 11. Inaona mteja mmoja mlafi aliyepita uniti 100, na inamtoza kiwango cha juu, kilichokuwa karibu shilingi 21 mwaka huo wa 2023. Mwenye ploti naye anaongeza faida yake juu ya hapo. Kwa hiyo nafuu iliyowekwa kwa ajili ya maskini inaishia kwenye geti la ploti, huku jamaa anayeishi peke yake kwenye fleti nzuri, akisafiri wiki tatu kwa mwezi, anaipata bila kuiomba.

Ombi langu kwa EPRA na Wizara ya Kawi, kabla ya leseni ya kwanza ya muuzaji mpya, ni kwamba kila mpangaji awe na mita yenye jina lake, au angalau mwenye ploti azuiwe kuuza uniti kwa bei iliyo juu ya aliyonunulia. Pia ielezwe wazi kwa shilingi, viwanda vikihama, ada ya nyaya na ya mikataba ya zamani watailipa vipi. Na kila muuzaji alazimishwe kutangaza bei moja iliyojumlisha kila kitu, ili mama anayeuza mandazi pale stejini aweze kuilinganisha na ya mwenzake bila kumpigia mtoto aliye chuo kikuu.

Nimalizie na kisa cha kuniaibisha. Mita ya ploti yetu imo ndani ya kijisanduku cha chuma chenye kufuli, ili mpangaji asiisome. Mwenye ploti alitaka kitu imara, akaleta kazi kwangu, na nilikichomelea kwa mikono yangu mwaka 2016. Ufunguo anao yeye.

Fundi wa kuchomelea,
Kariobangi Light Industries, Nairobi