Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mto Tana, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, akina mama wa mashamba ya mtoni, vijana wa mitumbwi, salaam.

Desturi ya taarifa hii ni kuanza na mafanikio. Mwaka huu naanza na mimi mwenyewe, maana wengi wenu mliniona mwezi wa Mei, wakati wa mafuriko, nikiteremshwa kutoka juu ya bati la ghala, na sina pa kujificha. Mwenyekiti wenu, aliyezunguka vijiji na kipaza sauti akihimiza watu wahame, yeye mwenyewe hakuhama. Nilikuwa na mahindi yaliyobakiza wiki mbili yakauke. Nikajiambia maji yataishia mferejini kama mara iliyotangulia. Hayakuishia hapo. Mahindi yalikwenda, na mbuzi wanne wakayafuata.

Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe la taarifa hii. Onyo tulilipata, tena si mara moja. Lililotushinda ni kulisoma.

Ujumbe ulioingia kwenye simu zetu mwezi wa Aprili ulisema maji ya bwawa la Masinga yamepita kiwango chake cha mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Mzee mmoja wa hapa kwetu aliniuliza, "Mwenyekiti, hizo mita elfu moja ndizo zinazokuja huku?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Usiku nikiwa kitandani nikagundua sina jibu la kumpa. Kama zingekuja sentimita tano au kimo cha mtu mzima, ujumbe ule haukutuambia.

Baada ya maji kupungua, kamati ilikaa siku mbili kujifunza mto huu unavyofanya kazi. Ni aibu kidogo kwa watu waliozaliwa ukingoni mwake, lakini tulijifunza. Mabwawa ya juu ni matano, na kwa mpangilio wa maji yanavyoshuka ni Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo kubwa kuliko yote na ndilo la akiba. Yale maneno ya kila mwaka barazani kwamba "wametufungulia maji" yana ukweli mdogo kuliko tunavyodhani. Masinga likijaa pomoni, maji humwagika yenyewe kwenye mkondo wa kumwagia, hayangoji mtu ageuze kitu. Na ukishapita Kiambere hakuna bwawa jingine hadi Kipini baharini. Laga, yaani mito ya msimu, za Kitui na za Garissa zikishuka na mvua, zinaingia mtoni bila wa kuzizuia. Kwa hiyo atakayewaambia mlale kwa sababu Masinga halijajaa, muulizeni kwanza mvua imenyesha wapi.

Sisemi tusidai taarifa za mapema zaidi. Tutadai, na barua iko tayari. Nasema tu kwamba lawama hazimtoi mtoto majini.

Jambo kubwa tulilotoka nalo ni hili: maji yakipanda kwenye daraja la Garissa, huko juu ya mto, sisi wa chini ya Garsen bado tuna siku kadhaa mkononi. Siku hizo ndizo utajiri wetu. Mwaka huu tulizitumia kubishana.

Mvua za Machi hadi Mei ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Hapa hapa kaunti yetu, Kona Punda pale Madogo, mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali barabara ilipozama ilipinduka mwishoni mwa Aprili. Upande wetu hakuna aliyekufa maji, alhamdulillahi na asante Mungu, kila mmoja aseme kwa namna yake. Lakini nyumba za udongo zililowa chini zikakaa kitako, vyoo vikafurika, na watu wakanywa maji yale yale. Kipindupindu kikaingia kaunti mwezi wa Mei. Yule mama aliyeokoa jiko lake kwanza, tukamcheka mtumbwini, ndiye aliyechemshia maji kambi nzima pale shuleni kwa siku nne za mwanzo. Mwaka ujao jiko na makaa vimo katika orodha ya vitu vya kubeba, juu kabisa.

Kuhusu misaada nitasema kifupi. Ofisi moja, sitaitaja, ilitudai orodha ya waathiriwa mara tatu, kila mara kwa fomu tofauti. Mahema yalifika wakati watu wameshaanza kukandika nyumba upya. Funzo langu ni kwamba orodha ya kaya iandikwe sasa, jua likiwaka, na nakala ikae kwa chifu, kwa katibu na kwa imamu au mchungaji wa kila kijiji.

Sasa nije kwenye mwembe. Wote mmeuona pale kivukoni, umepakwa rangi kama bango la kampeni, na wapo waliolalamika kwamba tumeuharibu. Ile si mapambo. Tulitaka kuweka alama ya mahali maji yalipofika 1997, mwaka wa El Niño, ya 2018 na ya mwaka huu. Ya mwaka huu ilikuwa rahisi, tope lilikuwa bado limeganda kwenye gome. Ya 2018 vijana walikuwa na picha ndani ya simu. Ya 1997 ilizua ugomvi wa asubuhi nzima, kila mzee na mahali pake, mpaka bibi mmoja akainuka na mkongojo, akaenda akaligonga shina mara moja. Alisema mwaka ule alifunga mtumbwi kwenye tawi lile la kushoto, na aliyekuwa mtumbwini ni mwanawe wa mwisho, mwenye homa. Hakuna aliyembishia. Rangi ikapakwa pale.

Chini ya alama hizo tatu kuna mstari mwekundu. Huo hatukuuweka kwa kumbukumbu bali kwa hesabu: maji yakiufikia, yamebakiza kidogo kuikata njia ya kwenda kwenye mwinuko wa shule. Yakigusa mwekundu, hakuna kikao na hakuna kumngoja mwenyekiti. Firimbi inapigwa, wazee, wajawazito na watoto wanatangulia, mifugo inafuata. Kijana wa zamu anasoma mwembe asubuhi na jioni kuanzia mvua zinapoanza, na anapiga simu kwa wenzetu wa Hola na Garissa kuuliza kwao kukoje. Vocha yake inalipwa na chama.

Wazee wa Kipokomo watanikosoa nisipoongeza kwamba mafuriko si adui mtupu. Tope lililobaki ndilo lililotupa pojo za baadaye, na mto usipopanda kabisa, mpunga wetu haupo. Tunachotaka ni maji yapite mashambani bila kutukuta vitandani.

Halafu, kama mwaka haukutosha, vuli ikatukwepa. Mwezi wa Mei nilikuwa juu ya bati nikizungukwa na maji. Desemba nilikuwa nimesimama foleni ya madumu kisimani. Wenzetu Waorma na Wawardei walishayaona haya. Ile miaka ya 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua, na waliokuwa na ng'ombe boma zima wakabaki na kamba mikononi. Taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kudhibiti Ukame zinataja hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Nawaomba wafugaji wauze mnyama mmoja au wawili wakati wa tahadhari, akiwa bado na bei. Najua ni rahisi kwangu kusema. Mimi pia niliambiwa nivune mahindi mabichi.

Ukame hapa kwetu haumalizikii kwenye nyasi. Ng'ombe lazima wafike mtoni, na njia zao, zile malka, zikizibwa na mashamba, wanapita katikati ya mahindi ya mtu. Mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyotukuta 2012 sote tunayakumbuka na sitayasimulia. Mwaka huu malka mbili zilizokuwa zimelimwa zimefunguliwa kwa makubaliano, bila polisi, na waliorudisha ardhi yao wameketi humu ndani. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote chama kilizofanya mwaka huu, kuliko hata mwembe. Malka ya tatu bado inabishaniwa. Gasa na Matadeda watakaa tena kabla ya masika.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina mwenyewe, na maswali aulizwe yeye. Nitasema tu kwamba michango ya mtumbwi haijakamilika. Mtumbwi wa kwanza uko sawa. Wa pili uko kwa fundi, umepasuka ubavuni kwa sababu ulivutwa juu ya mawe na watu ambao nao wamo humu ndani.

Baada ya chai, kila mwanachama ambaye nyumba yake iko chini ya mstari mwekundu abaki. Katibu atawapangia majirani wa juu watakaohifadhi magunia yenu kuanzia mwezi wa Machi. La kwangu limeshaandikwa la kwanza.